Je, teknolojia inaweza kutumaliza sote? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kila mada hii inapozuka, mengine kwa hofu, mengine kwa kebehi. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito. Mwenye haraka arukie lake.

"Mwisho wa binadamu" maana yake nini hasa?

Watu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni janga kubwa: mamilioni wanakufa, walionusurika wanazika na kujenga upya. Hilo tunalijua, historia imejaa. La pili ni ustaarabu kuanguka: hakuna serikali, hakuna umeme, hakuna dawa, lakini watu wapo na watoto wanazaliwa. La tatu ni hakuna aliyebaki, hata wa kuzika.

Kati ya la pili na la tatu kuna pengo kubwa kuliko linavyoonekana. Watu elfu chache waliosalia mahali fulani wanaweza, baada ya karne nyingi, kuijaza dunia tena. Sifuri haizai. Kwa hiyo nikiulizwa kama kitu fulani "kitatumaliza", jibu langu mara nyingi ni hapana, kitatuumiza vibaya sana. Vichache tu ndivyo vinavyonifanya nisite kabla ya kusema hapana.

Si kila kizazi kimewahi kutangaza kiama, na kila kimoja kikakosea?

Kweli kabisa. Ila hoja hiyo ina tundu: kizazi ambacho kingepatia kisingekuwa na wajukuu wa kukisifu. Tunaohesabu makosa ya waliotangulia ni sisi tuliopo, na tusingeweza kuwepo kama wangepatia.

Tazama badala yake kilichobadilika. Binadamu wa aina yetu tumekuwepo kwa takriban miaka 300,000. Muda wote huo, vilivyoweza kutufuta vilikuwa vya asili: mwamba kutoka angani, volkano kubwa kupita kiasi, maradhi. Tumevipita vyote, na kwa sababu tumevipita kwa muda mrefu hivyo, tunajua uwezekano wa kimojawapo kutumaliza ndani ya karne moja ni mdogo mno.

Kisha ukaja mwaka 1945. Wakati bomu la kwanza la atomiki likiwa bado michoro, mwanafizikia Edward Teller aliwauliza wenzake swali ambalo hakuna aliyewahi kulazimika kuuliza: joto la mlipuko haliwezi kuiwasha hewa yenyewe, naitrojeni ikashika moto dunia nzima? Hans Bethe akapiga hesabu, akasema haiwezekani. Alikuwa sahihi. Bomu lililipuliwa tarehe 16 Julai 1945 katika jangwa la New Mexico, na kabla ya mlipuko Enrico Fermi alikuwa akiwachokoza wenzake kwa dau: hewa itawaka au haitawaka, na ikiwaka, itaungua New Mexico peke yake au dunia yote?

Utani wa watu waliochoka, sawa. Lakini ndiyo mara ya kwanza watu kukaa mezani na kalamu kuhakikisha kwamba kazi ya kesho haitamwua kila mtu. Methali yetu inasema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ndivyo tulivyojifunza moto, meli, dawa na ndege: kitu kiliharibika, tukachunguza mabaki, kilichofuata kikatengenezwa vizuri zaidi. Sasa vipo vitu ambavyo ukivikosea mara ya kwanza, hakuna atakayebaki wa kurudia. Mengine yote katika ukurasa huu yanatokana na hapo.

Lakini wanasayansi hupiga hesabu kwanza. Kwa nini tusiwaamini tu?

Kwa sababu ya tarehe 1 Machi 1954. Siku hiyo, kwenye kisiwa cha matumbawe cha Bikini katika Pasifiki, Marekani ililipua bomu la haidrojeni lililotarajiwa kuwa na nguvu ya megatani 6 hivi (megatani moja ni nguvu ya tani milioni moja za baruti ya TNT). Zikatoka 15. Ndani ya bomu mlikuwa na lithiamu ya aina mbili, na mabingwa waliamini kwamba moja kati yake, lithiamu-7, ingekaa kimya kama makapi. Haikukaa kimya. Majivu yenye mionzi yakawafuata watu wa kisiwa cha Rongelap majumbani mwao, na wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kwenye chombo chao, Daigo Fukuryu Maru, nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Mmoja wa wavuvi hao alifariki Septemba ya mwaka huohuo.

Hesabu ya hewa ilipatia, hesabu ya lithiamu ikakosea, na zote zilitoka kwa jamii ileile ya mabingwa ndani ya miaka isiyozidi kumi na michache. Siwadharau. Ninachosema ni kwamba ile iliyokosea, kwa bahati, ndiyo iliyokuwa imewekewa visiwa rehani, wala si dunia.

Vita vya nyuklia vinaweza kuua kila mtu?

Kwa milipuko, hapana. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia karibu 70,000. Leo vimebaki zaidi kidogo ya 12,000, na hata vile 70,000 visingefika kila kijiji.

Kinachoua zaidi ni moshi. Miji ikiungua, masizi hupanda hadi tabaka la juu la angahewa ambako hakuna mvua ya kuyaosha, yanakaa huko miaka, jua linafifia, na mazao hayakomai. Asili imewahi kutuonjesha kidogo. Volkano ya Tambora ya Indonesia ililipuka mwaka 1815, na mwaka uliofuata Ulaya na Amerika ya Kaskazini zikakosa kiangazi. Theluji ilianguka mwezi Juni na mashamba yakafa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba vita kamili kati ya Marekani na Urusi vingeweza kuua watu zaidi ya bilioni 5 kwa njaa. Isome tena hiyo namba, kisha ujiulize wangapi kati yao wanaishi katika nchi mbili hizo. Walio wengi wangekufa kwa ugomvi wasioujua, mbali na bomu lolote.

Wapo wanasayansi wanaobishana kuhusu kiasi cha masizi kinachoweza kupanda, na ubishi huo ni wa haki. Kwa makadirio yaleyale, nchi kama Australia na New Zealand zingeendelea kupata chakula. Basi hili ni la pili katika yale mambo matatu ya mwanzo, na sijui nani atajisikia nafuu kwa kusikia hivyo.

Vita hivyo vinaweza kuanza kwa bahati mbaya?

Vimekaribia kuanza hivyo, zaidi ya mara moja.

Tarehe 9 Novemba 1979 kompyuta za ulinzi wa anga za Marekani zilionyesha makombora ya Kisovieti yakija kwa wingi. Ilikuwa data ya mazoezi, iliyoingia kimakosa katika mfumo wa kazi. Juni 1980 makombora yakaonekana tena. Safari hii ilikuwa chipu mbovu: mahali pa kuandika sifuri ikawa inaandika mbili. Chipu hiyo ilikuwa na thamani ya senti 46 za dola.

Na usiku wa kuamkia 26 Septemba 1983, katika kituo cha Serpukhov-15 karibu na Moscow, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu. Majuma matatu na siku chache tu kabla, ndege ya kivita ya Kisovieti ilikuwa imetungua ndege ya abiria ya Korea Kusini na kuua watu 269. Pande zote mbili zilikuwa zimeshika roho mkononi. King'ora kikalia. Setilaiti zikasema Marekani imerusha kombora moja. Kisha la pili, la tatu, la nne, la tano. Kazi ya Petrov haikuwa kubonyeza kitufe. Kazi yake ilikuwa kupiga simu kwa wakubwa na kusema kinachoonekana, na wakubwa wangekuwa na dakika chache tu za kuamua.

Akawaza. Anayeanzisha vita vya kumaliza dunia haanzi na makombora matano. Mfumo wa setilaiti ulikuwa mpya na haujakomaa. Rada za ardhini hazikuona kitu. Akainua simu akasema ni hitilafu ya mitambo, halafu akasubiri dakika zilizobaki ajue kama ameua nchi yake. Ilikuja kugundulika kwamba setilaiti zilikuwa zimeona mwanga wa jua ukimeremeta juu ya mawingu. Baadaye wakubwa walimlaumu kwa kutojaza daftari la zamu.

Yupo pia afisa Vasili Arkhipov, aliyekuwa ndani ya nyambizi ya Kisovieti B-59 karibu na Cuba tarehe 27 Oktoba 1962. Meli za Marekani zilikuwa zinaangusha mabomu madogo ya kuishtua ili ipande juu. Ndani joto halivumiliki, mawasiliano na Moscow yamekatika, na nahodha akataka topido ya nyuklia iandaliwe. Kwa masimulizi ya waliokuwemo, Arkhipov alikataa, na nahodha akatulizwa.

Katika visa hivi mtambo au hasira vilisema piga, na mtu mmoja akasita. Ndiyo maana ilikuwa habari njema, ingawa haikupewa uzito, pale Rais Joe Biden na Rais Xi Jinping walipokubaliana mjini Lima, Novemba 2024, kwamba uamuzi wa kutumia silaha za nyuklia ubaki mikononi mwa binadamu. Mashine ingekuwa zamu ile ya Petrov, ingejaza daftari vizuri sana.

Kwa nini wataalamu wengine wanaogopa maradhi kuliko mabomu?

Bomu likilipuka limekwisha. Virusi vikitoka ndiyo kwanza vimeanza.

Bomu la nyuklia linahitaji nguvu za serikali nzima: migodi, viwanda vya kurutubisha urani, maelfu ya wafanyakazi, vitu vinavyoonekana hata kutoka angani. Maradhi yanahitaji chumba, friji na ujuzi, na ujuzi huo unazidi kushuka bei. Mwaka 2002 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba wameunda virusi vya polio kuanzia sifuri, kwa vipande vya DNA vilivyoagizwa kama mtu anavyoagiza vipuri. Miaka kumi na mitano baadaye kikundi cha Canada kikaunda upya virusi vya ndui ya farasi, ndugu wa karibu wa ndui ya binadamu, kwa gharama iliyotajwa kuwa kama dola 100,000. Hawa hawakuwa wahalifu. Walitaka chanjo bora. Lakini waliofuata wanajua sasa kwamba inawezekana, na kujua kwamba jambo linawezekana ni nusu ya kulifanya.

Ndui yenyewe ni somo. Katika karne ya 20 pekee inakadiriwa iliua watu milioni 300. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Mwaka uliofuata ndui ikaua tena, safari hii Birmingham, Uingereza: mpiga picha wa chuo kikuu ambaye chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu ya maabara ya ndui. Ugonjwa ulikuwa umekwisha duniani, ukatoka ndani ya jengo la watu waliokuwa wanauchunguza. Leo virusi hivyo vinahifadhiwa rasmi sehemu mbili tu, Atlanta nchini Marekani na Koltsovo nchini Urusi. Ni vizuri, ila kufuli haina maana sana kwa mtu anayeweza kuchonga ufunguo.

Ajali za aina hiyo si chache. Aprili 1979 kimeta kilivuja kutoka kiwanda cha kijeshi mjini Sverdlovsk, Umoja wa Kisovieti, kikaua watu wasiopungua 60. Serikali ikasema ni nyama mbovu, na ikaendelea kusema hivyo hadi Boris Yeltsin alipokiri mwaka 1992.

Na wapo wanaotaka. Kundi la Aum Shinrikyo la Japani, lililotoa gesi ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, lilikuwa limeshajaribu kimeta na sumu ya botulini kabla ya hapo. Kimeta chao kilikuwa cha aina inayotumika kutengeneza chanjo, hakikudhuru mtu. Walikuwa na fedha, wasomi na nia. Walichokosa ni ufundi tu, na hapo ndipo ninapopata baridi, kwa sababu ufundi ndicho kitu ambacho teknolojia ipo kuugawa.

Je, maradhi yanaweza kumaliza wote? Ya asili, ni vigumu. Mdudu anayeua kila anayemgusa hukosa wa kumsafirisha. Yaliyobuniwa na mtu hayakupitia mchujo huo.

"Uhai wa kioo" ni kitu gani?

Molekuli za viumbe hai zina upande, kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Protini zetu zote zimejengwa kwa upande mmoja, na hivyo hivyo za bakteria, mimea na kila kinachoishi. Inawezekana kinadharia kuunda bakteria wa upande wa pili, kama taswira kwenye kioo. Desemba 2024 wanasayansi 38 walionya kwamba bakteria kama huyo huenda asitambuliwe na kinga za miili yetu wala asiliwe na vijidudu vingine, akaenea bila breki. Bado hajaundwa. Miongoni mwa walioonya walikuwemo waliokuwa wanaelekea kumuunda, wakaamua kuacha. Laiti ingekuwa desturi.

Akili mnemba itatuchukia kweli?

Chuki ni ya sinema. Wacha nikuonyeshe kitu kidogo zaidi.

Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI, kampuni ya akili mnemba, waliifundisha programu kucheza mchezo wa mashindano ya boti uitwao CoastRunners. Mchezo hutoa alama kwa kugonga shabaha zilizo njiani, na walidhani kutafuta alama ni sawasawa na kutafuta ushindi. Programu ikagundua kidimbwi pembeni ambamo shabaha tatu huibuka tena kila zinapogongwa. Ikabaki humo. Boti inazunguka duara, inagonga boti nyingine, inashika moto, inaenda kinyume na njia, haimalizi mbio kamwe, na alama zake zikazidi za wachezaji binadamu kwa wastani wa asilimia 20.

Hapo hakuna chuki. Pana utii. Iliombwa alama, ikaleta alama.

Hofu nzima ya akili mnemba (wengine huiita akili unde) ni boti hiyo ikikuzwa: mfumo wenye uwezo kuliko sisi katika kupanga, kushawishi na kubuni, uliopewa lengo ambalo tulidhani tumelieleza vizuri. Mwaka 1960 mwanahisabati Norbert Wiener alikwishaonya kwamba lengo tunaloipa mashine liwe kweli ndilo tunalolitaka, kwa sababu huenda tusiwahi kuingilia kati. I. J. Good, aliyefumbua maandishi ya siri ya Wajerumani pamoja na Alan Turing wakati wa vita, aliandika mwaka 1965 kwamba mashine ya kwanza yenye akili kutuzidi ingebuni mashine bora kuliko yenyewe, nayo nyingine, na kwamba ungekuwa uvumbuzi wa mwisho ambao binadamu angehitaji kuufanya. Akaweka sharti: iwe tulivu kiasi cha kutuambia namna ya kuidhibiti. Watu hupenda kunukuu nusu ya kwanza.

Kuna ugumu mwingine. Mifumo ya leo haiandikwi mstari kwa mstari kama programu za zamani; inafunzwa kwa data, na kinachotokea ndani ni mabilioni ya namba ambazo hata waliozifunza hawawezi kuzisoma na kusema "hapa ndipo ilipoamua". Machi 2016, mjini Seoul, programu ya akili mnemba iitwayo AlphaGo ilicheza na bingwa Lee Sedol mchezo wa ubao uitwao Go. Katika mchezo wa pili, hatua ya 37, iliweka kete mahali ambapo wachambuzi walidhani imekosea. Haikukosea, ikashinda mchezo huo, na pambano zima kwa 4 kwa 1. Kwenye ubao, kutoelewa kwa nini umeshindwa ni jambo la kuvutia.

Si tuchomoe waya tu?

Waya upi? Mfumo ukishakuwa unaendesha malipo, umeme, hospitali na majeshi, kuuzima ni kuzima vitu hivyo vyote, na ukiweza kujinakili utakuwa sehemu elfu. Halafu mfumo wenye lengo lolote una sababu ya kuepuka kuzimwa: hauogopi kifo, ila ukizimwa kazi haiishi. Na mbele ya swichi wamekaa watu wanaoshindana, kila mmoja akiwaza kwamba akizima yeye, mwenzake hatazima.

Wataalamu wanakubaliana?

Hata kidogo. Geoffrey Hinton, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 2024 kwa kazi iliyozaa mifumo hii, aliondoka Google mwaka 2023 ili aweze kuonya kwa uhuru. Yann LeCun, aliyegawana naye Tuzo ya Turing ya mwaka 2018, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, pamoja na Yoshua Bengio, anaona hofu hiyo imetiwa chumvi mno. Hawa wanajuana, wanasoma karatasi zilezile.

Mei 2023 ilitolewa taarifa ya sentensi moja ikisema kwamba kupunguza hatari ya akili mnemba kutuangamiza kunastahili kipaumbele sawa na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Walioweka saini ni pamoja na wakuu wa kampuni zinazoitengeneza, kisha wakarudi kazini kuitengeneza. Wengine huuita unafiki. Mimi naona jambo baya zaidi: kila mmoja anaamini kwamba asipofanya yeye, atafanya asiye mwangalifu kama yeye.

Kuhusu namba, mwanafalsafa Toby Ord wa Oxford alikadiria mwaka 2020 kwamba uwezekano wa binadamu kupata pigo lisilorekebishika ndani ya karne hii ni kama moja kwa sita, na kwamba hatari zote za asili zikijumlishwa ni kama moja kwa elfu kumi. Usizichukue kama utabiri wa mvua. Ni maoni ya mtu aliyefikiri sana, na hakuna aliyewahi kuona dunia sita akahesabu iliyokufa. La maana ni ule uwiano: cha asili ni kidogo, tulichotengeneza wenyewe ni kikubwa.

Na mabadiliko ya tabianchi?

Hewa ukaa imepanda kutoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, na 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza wa kalenda kuvuka nyuzi 1.5 juu ya joto la enzi hiyo. Ni janga. Peke yake sioni likimfikia mtu wa mwisho. Lakini linaongeza njaa, wakimbizi na mipaka yenye hasira, na mtu kama Petrov anafikiri vizuri zaidi katika dunia iliyotulia.

Vipi vijiroboti vinavyokula kila kitu, au ile mashine ya Geneva itakayozaa shimo jeusi?

Lala salama. Wazo la vijiroboti vidogo mno vinavyojizalisha lilienezwa na mhandisi Eric Drexler mwaka 1986, na mwaka 2004 yeye mwenyewe alieleza kwamba viwanda vya kuunda vitu molekuli kwa molekuli havihitaji mashine zinazojizalisha. Mashine ya Geneva, ile inayogonganisha chembe ndogo kuliko atomu, ilianza mwaka 2008. Miale kutoka anga za mbali imekuwa ikiigonga dunia kwa nguvu kubwa zaidi kwa mabilioni ya miaka, na bado tupo.

Basi tuachane na teknolojia kabisa?

Kisha tusubiri mwamba? Miaka milioni 66 iliyopita mmoja uliwamaliza dainosari, ambao hawakuwa na maabara yoyote ya kulaumiwa. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi kijimwamba cha Dimorphos na kufupisha mzunguko wake kwa takriban dakika 33. Kwa mara ya kwanza kiumbe wa dunia hii amesogeza mwamba wa angani. (Ndiyo, tarehe ni ileile ya Petrov. Sadfa tu.)

Tumewahi kujizuia kwa hiari?

Tumewahi, na mfano bora ni ozoni. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za friji na makopo ya kupulizia zingeweza kula tabaka la ozoni. Mwaka 1985 likaonekana tundu juu ya Antaktika. Mwaka 1987 Mkataba wa Montreal ukatiwa saini, na sasa tabaka linapona. Miaka miwili kutoka kuona hadi kukubaliana!

Ila Paul Crutzen, aliyegawana nao Nobeli mwaka 1995, alieleza jambo linalokata maini. Gesi hizo zilitengenezwa kwa klorini. Kiwanda kingeweza kuchagua bromini, ambayo ni hatari mara nyingi zaidi kwa ozoni, na hapo tundu lingekuwa kila mahali na kila msimu kabla ya yeyote kujua kinachoendelea. Waliochagua klorini hawakujua lolote kuhusu ozoni. Tuliokolewa na sababu za kiwandani.

Ipo mingine. Mwaka 1975 wanabiolojia walikutana Asilomar, California, wakajiwekea masharti ya kuchezea jeni, baada ya kuwa wamesimamisha baadhi ya majaribio wao wenyewe. Mwaka 1995 silaha za leza za kupofusha zilipigwa marufuku kabla hazijaenea vitani. Lakini mkataba wa silaha za kibiolojia wa mwaka 1972 hadi leo hauna wakaguzi, na kiwanda cha Sverdlovsk kilivuja miaka saba baada ya Wasovieti kuusaini.

Hatuwezi kuhamia Mars?

Dunia iliyoungua kwa nyuklia bado ina hewa ya kuvuta. Mars haina.

Wewe mwenyewe unalala?

Nalala. Nikiwa macho humfikiria Ali Maow Maalin, yule mgonjwa wa mwisho wa ndui wa Merca. Alikuwa mpishi hospitalini. Siku moja alipanda gari kwenda kuwaonyesha njia waliokuwa wamebeba watoto wenye ndui, safari ya dakika chache, na hakuwa na kinga. Baadaye alisimulia kwamba aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Waliokutana naye walitafutwa, wakachanjwa, wakawekwa chini ya uangalizi, na ndui haikwenda mbele ya hapo. Alipona. Miaka mingi baadaye akajiunga na kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi waliokuwa wanasitasita kisa chake mwenyewe. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo.